Faranga ya Komoro: kwa nini Dar wamezikataa noti zako, na yule sheikh ni nani

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Tanga. Tukiwa watatu tunapeleka vitunguu, viazi na mchele Komoro kwa jahazi. Safari iliyopita mnunuzi wetu wa Moroni alimalizia deni kwa noti 14 za faranga 10,000 na sarafu chache. Nimekwenda nazo Dar, nimezunguka maduka matatu ya kubadilisha fedha, yote yamezikataa. Duka moja waliniambia kabisa kwamba hii si pesa. Mnunuzi naye anaapa kwamba pesa yao ni imara kuliko shilingi yetu na haijatikisika miaka mingi. Nimwamini nani? Pesa yangu imepotea? Halafu kuna jambo jingine: mama mkwe wangu, mzaliwa wa Unguja, alipoiona noti aliishika muda mrefu akasema, "Huyu ni wetu." Sheikh huyo ni nani?

JIBU: Dada yangu wa Tanga, nianze na lililokunyima usingizi. Pesa yako haijapotea. Noti 14 za faranga 10,000 ni faranga 140,000, na kwa bei rasmi hizo ni yuro 284 na senti 57. Hayo si makadirio yangu. Bei hiyo ilikuwa hivyo mwaka jana, ilikuwa hivyo mwaka juzi, na ilikuwa hivyo tangu yuro ilipoanza kuhesabiwa mwaka 1999. Mnunuzi wako amekwambia kweli, isipokuwa mahali pamoja nitakapopafikia.

Aliyekwambia "hii si pesa" alikosea maneno, lakini kukataa kwake kuna sababu. Duka la fedha ni duka kama lako. Wewe huwezi kununua magunia mia ya bidhaa ambayo hujui utamwuzia nani. Mwenye duka la fedha akinunua dola, yuro, pauni au dirhamu, anajua kesho atakuja msafiri wa kuzitaka. Faranga ya Komoro nani atamwulizia pale Dar? Ikimlalia kwenye sanduku hana pa kuipeleka, maana faranga hiyo haina soko nje ya visiwa vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Hata Maore, kisiwa cha nne cha funguvisiwa lile lile, kilomita kama 70 tu kutoka Nzwani, hawaitumii. Maore ilibaki chini ya Ufaransa wenzake walipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na leo sokoni kwao wanahesabu yuro.

Kwa hiyo wewe na mnunuzi mmekuwa mkizungumzia mambo mawili tofauti. Pesa kuwa imara ni jambo moja, pesa kutembea ni jambo jingine. Faranga ya Komoro ni imara sana na haitembei hata kidogo.

Sasa la kufanya. Kwanza zikague. Zipange mezani uangalie namba za noti, maana ukikuta noti mbili zina namba moja, walau moja ni ya bandia. Ziinue juu dirishani uone kama kuna picha hafifu ndani ya karatasi yenyewe, ile isiyoonekana noti ikiwa mezani. Pitisha kucha juu ya maandishi, na karatasi iwe na ukakamavu wake, isilegee kama ya daftari. Kama katikati yake kuna noti ya 2,500, iweke kando uulizie benki kwanza, kwa sababu hiyo ni ya miaka ya 1990 na haimo katika toleo lililoanza kutumika mwaka 2006.

Zikishakuwa safi, zirudi zilikotoka. Jahazi likienda tena, zinunulie mzigo wa kurudi nao, au mmoja wenu aziingize benki Moroni atoke na yuro. Ukitaka kuhakikisha hesabu kwenye simu, tafuta alama KMF. Usichague faranga ya CFA, ile ya nchi za Afrika Magharibi na ya Kati, wala ya Rwanda, wala ya Burundi. Jina ni moja lakini kila moja ina bei yake, na nimeshaona watu wakikosana na wabia wao kwa kosa hilo tu. Na atakayekwambia pale Dar au Tanga kwamba atakusaidia kwa nusu bei, mwache apite.

Safari zijazo, andikianeni yuro kwenye karatasi ya mauziano. Mnunuzi wako hatapoteza chochote. Kwake yeye yuro na faranga ni kitu kilekile kwa majina mawili, tofauti ni ada ya benki tu. Kwako wewe ndiyo tofauti kati ya kulala na kutolala. Yuro haziwi ngumu kupatikana kule, kwa kuwa Wakomoro wengi sana wanaishi Ufaransa na hutuma fedha nyumbani kila mwezi. Marseille ukiuliza mtaa wao utaonyeshwa.

Hapo nimemaliza la dukani. Lakini umeuliza kwa nini pesa ya visiwa vidogo hivyo iwe imara, na swali hilo nalipenda, kwa sababu jibu lake limo ndani ya namba moja tu: 491.96775. Yuro moja ni faranga 491.96775. Mtu akiiona mara ya kwanza hudhani mchapaji amekosea. Nani anapanga bei yenye tarakimu tano baada ya nukta?

Hakuna aliyeipanga. Chukua simu yako uzidishe 75 kwa 6.55957. Hiyo 6.55957 ni idadi ya faranga za Ufaransa zilizohesabiwa kuwa yuro moja tarehe 1 Januari 1999. Na 75 ni idadi ya faranga za Komoro zilizokuwa sawa na faranga moja ya Ufaransa. Komoro hawakuibadilisha bei yao yuro ilipokuja. Waliitafsiri tu, na tafsiri ikazaa ule mkia wa tarakimu.

Na hiyo 75 nayo ina habari yake, ndipo mahali mnunuzi wako aliposahau au hakupenda kukumbuka. Hadi Januari 1994 haikuwa 75, ilikuwa 50. Tarehe 12 ya mwezi ule nchi zote za Afrika zilizofunga pesa zao kwa faranga ya Ufaransa zilishusha thamani siku moja. Zile za CFA, Senegali, Kodivaa, Kameruni na wenzao, zilitoka 50 zikaenda 100. Nusu ya thamani ilikatika usiku mmoja. Komoro ilitoka 50 ikaishia 75. Aliyelala na faranga 7,500, zinazompa faranga 150 za Ufaransa, aliamka zinampa 100. Visiwani kule karibu kila kitu hushuka kutoka melini, mchele ukitangulia, na bidhaa iliyonunuliwa Ufaransa kwa bei ileile ikadai faranga nusu zaidi ya jana yake. Kama mnunuzi wako ni mtu mzima, mwulize kuhusu Januari ile uone uso wake.

Ndiyo maana CFA na faranga ya Komoro, zilizozaliwa siku moja, tarehe 26 Desemba 1945, na kutembea sawa miaka karibu 50, leo hazilingani tena. Faranga 3 za Komoro ni CFA 4 kamili.

Toa siku ile moja ya 1994, mnunuzi wako yuko sahihi. Shilingi yetu ilipotoka tarehe 14 Juni 1966, shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Kiingereza. Leo hesabu ya pauni, dola na yuro yote ni ya maelfu. Komoro katika miaka hiyohiyo imeshusha bei yake dhidi ya faranga ya Ufaransa mara moja tu.

Lakini tusimpe sifa asiyestahili. Uimara huo haukutokana na karafuu wala vanila. Uko kwenye mkataba. Tarehe 23 Novemba 1979 Komoro na Ufaransa zilitia saini makubaliano ya ushirikiano wa fedha, na Benki Kuu ya Komoro ikashika kazi mwaka 1981 chini ya makubaliano hayo. Hazina ya Ufaransa inadhamini kwamba faranga itabadilishwa kwa bei iliyowekwa. Komoro nayo inaweka sehemu ya akiba yake ya fedha za kigeni kwenye akaunti maalumu ya Hazina hiyo kule Paris, inakubali wajumbe wa Ufaransa kwenye bodi ya benki yake kuu, na serikali yake haiwezi kwenda kwenye benki hiyo ikakopa inavyotaka kulipa mishahara. Noti zenyewe zinachapwa Ufaransa.

Wewe ni mtu wa chombo, utanielewa nikisema hivi: faranga ya Komoro ni mashua iliyofungwa kamba nyuma ya meli kubwa. Mawimbi hayaipindui. Ila inakwenda meli inakokwenda, kwa mwendo wa meli, hata kama samaki wake wako upande mwingine.

Mwenye kuilipia kamba hiyo ni mkulima. Komoro inauza nje karafuu, vanila na mafuta ya mlangilangi, na sehemu kubwa ya biashara ya dunia huhesabiwa kwa dola. Yuro ikipanda juu ya dola, faranga inapanda nayo bila mtu wa Komoro kuulizwa, na karafuu ileile ya Nzwani, iliyouzwa kwa dola zilezile, inamrudishia mkulima faranga pungufu. Serikali yake haina uwezo wa kushusha pesa kidogo ili kumponya. Tanzania tunao uwezo huo. Tumeutumia, na wengine wangesema tumeutumia kupita kiasi.

Sasa tazama upande wako. Miaka ambayo shilingi imeshuka haraka kuliko bei za shambani zilivyopanda, kitunguu cha Tanga kimekuwa rahisi kwa mtu mwenye faranga mfukoni. Pesa yake imesimama, yako imeteremka, na huo mwanya ndio unaomleta gatini kwako. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakibishana pesa ipi "ina nguvu" kana kwamba ni mechi ya mpira. Uimara wa pesa yake humpunguzia bei ya chakula mlaji wa Moroni, humuumiza mkulima wa Nzwani, na kwako wewe unakuletea mteja.

Je, wangefanyaje bila kamba? Mfano uko jirani. Tangu 1925 Benki ya Madagaska ndiyo iliyokuwa na haki ya kutoa noti kwa Madagaska na Komoro pamoja. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1960, Madagaska ikiwa tayari huru, Komoro walitumia noti zilezile zikiwa zimegongwa juu neno COMORES, na wakusanyaji wa noti leo huzitafuta kwa tochi. Mwaka 1964 zikatoka sarafu za Komoro zenyewe, na katikati ya miaka ya 1970 taasisi yao ya kutoa noti. Mwaka 1973 Madagaska ikajitoa kwenye ukanda wa faranga, yaani kundi la nchi zilizofunga pesa zao kwa faranga ya Ufaransa. Siku ile faranga ya Madagaska na ya Komoro zilikuwa na thamani moja, 50 kwa faranga moja ya Ufaransa. Madagaska imeendelea kushuka tangu hapo, hadi mwaka 2005 ikaiacha faranga na kurudia jina la kale, ariary, ariary moja ikiwa faranga 5. Leo yuro moja ni maelfu ya ariary. Upande wa Komoro ni faranga 492 kasoro kidogo.

Madagaska imekuwa na misukosuko yake ya siasa, kwa hiyo kamba peke yake haielezi tofauti yote. Hata hivyo, ukiniuliza mimi, kwa nchi ya watu wasiofika milioni moja, inayokula mchele wa kununua na kuishi kwa fedha za watoto wake walio ughaibuni, naona mkataba umewafaa zaidi kuliko ulivyowadhuru. Nasema hivyo nikijua kuna Wakomoro watakaonikasirikia, na wana haki, kwa sababu ni vigumu kuiita benki yako "kuu" wakati mwenzako ana funguo za chumba kimoja.

Sasa sheikh.

Mama mkwe wako amesema kweli kabisa. Aliyemo kwenye noti ya 10,000 ni Al-Habib Seyyid Omar bin Sumeit, na kama mama alikulia Unguja kabla ya 1964, basi jina hilo hakulisoma kitabuni. Habib Omar alikuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar. Baba yake, Seyyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Itsandra kisiwani Ngazija, ujanani alikuwa nahodha wa chombo cha baba yake, kisha akaelekea kwenye elimu hadi akawa kadhi Unguja na mmoja wa maulamaa wakubwa wa pwani hii yote. Alifariki 1925. Mtoto akafuata nyayo. Watu walivuka bahari kutoka Lamu na Mombasa kuja kusoma kwa watu hawa, na fatwa zao zilisomwa mbali. Baada ya Mapinduzi Habib Omar aliondoka Unguja, na akafia Ngazija mwaka 1976.

Mtu huyo huyo, basi, ni wa Unguja na ni wa Ngazija, na hakuna uongo upande wowote. Ndivyo pwani yetu ilivyokuwa. Mtu azaliwa Itsandra, asomee Unguja na Hadhramaut, ahukumu kesi Unguja, azikwe Ngazija, na kote huko awe nyumbani. Nchi nyingi huweka marais kwenye noti zao kubwa. Komoro nao wanaye mmoja, Said Mohamed Djohar, yuko kwenye ya 5,000. Lakini ile noti ya juu kuliko zote wamempa mwanachuoni, na pamoja naye wameweka Msikiti wa Ijumaa wa zamani wa Moroni, ule mweupe wenye matao ulio ukingoni mwa maji. Wenzako wa jahazi wanaujua. Ndio unaoonekana mapema ukiingia bandari ile.

Ukiisoma noti utaona maandishi ya Kifaransa na ya Kiarabu. Kwa Kiarabu visiwa hivyo vinaitwa Juzur al-Qamar, visiwa vya mwezi, na humo ndimo lilimotoka jina Komoro.

Usiishie kwenye 10,000. Ukipata nafasi omba kuonyeshwa noti ya 1,000, na wewe kama mtu wa Tanga una sababu ya pekee. Humo mna samaki mnene, mwenye magamba makubwa na mapezi yaliyotoka mwilini kwa vikonyo, kama vijimkono. Wakomoro wanamwita gombesa. Wataalamu wanamwita silikanti. Ni samaki yuleyule ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa tangu miaka ya 2003 na 2004, na ambaye kwa ajili yake ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya Tanga mwaka 2009.

Kisa chake kina pesa ndani, kwa hiyo nivumilie. Wanasayansi waliamini samaki wa ukoo huo walikwisha duniani pamoja na dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale, miaka milioni 65 na zaidi iliyopita. Desemba 1938, kwenye mji wa East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer aliyesimamia makumbusho ya mji akamkuta mmoja kwenye shehena ya samaki wa meli ya uvuvi. Profesa J. L. B. Smith akamtambua, lakini matumbo yalikuwa yameshatupwa, na akataka wa pili. Akachapisha karatasi yenye picha ya samaki, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, ikiahidi pauni 100 kwa atakayemleta. Miaka 14 ikapita. Mwaka 1952 akakutana Unguja na nahodha Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kwa chombo chake kati ya Unguja na Komoro, akampa karatasi zile azipeleke. Usiku wa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo mvuvi Ahamadi Abdallah wa Nzwani, upande wa Domoni, akamvuta gombesa kwa mshipi wa mkono. Kesho yake samaki yuko sokoni, anakaribia kukatwa vipande auzwe, mwalimu mmoja akaikumbuka ile karatasi. Wakambeba kuvuka milima ya kisiwa hadi Mutsamudu, chombo cha Hunt kilikokuwa. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, Malan, alitoa ndege ya jeshi kumleta profesa.

Wavuvi wa kule walikuwa wakimjua gombesa siku zote. Nyama yake haina raha, hutiwa chumvi ikakaushwa. Wenyewe hawakudhani kuna mtu anaweza kumtolea pauni 100. Nusu karne baadaye ndiye wamemweka kwenye noti, na noti hiyo ya faranga 1,000 ikachaguliwa noti bora ya dunia ya mwaka 2006 na chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa noti. Afrika Mashariki ilisubiri hadi Uganda ilipopata tuzo hiyo kwa shilingi 50,000 yake ya 2010.

Nikumalizie sarafu zako. Hizo hakuna benki ya nje itakayozigusa. Zitazame lakini. Kama kuna ya faranga 5, ni ya alumini, nyepesi hivi kwamba ukifumba macho mtu akaiweka kiganjani unaweza usijue imefika. Geuza upande wa pili: gombesa tena, safari hii mdogo kama ukucha. Kama kuna ya faranga 25 za miaka ya 1980 mwanzoni, utaona kuku na vifaranga vyake. Wakati ule nchi nyingi zilitoa sarafu za kuhimiza kilimo na ufugaji pamoja na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa.

Siku hizi sarafu za Komoro ni za chenji tu. Zamani mambo yalikuwa kinyume. Pwani nzima ilifanya biashara kwa riale ya fedha, kubwa, nzito, ya gramu 28, na kule Wafaransa waliihesabu riale moja kuwa faranga 5. Mwaka 1841 walipojipatia Maore kutoka kwa Sultani Andriantsoly, malipo aliyoahidiwa yalikuwa riale 1,000 kwa mwaka, zilizoandikwa pia kama faranga 5,000. Ile ariary ya Madagaska yenye faranga 5 ndani yake ni kumbukumbu ya hesabu hiyohiyo. Na Sultani Said Ali wa Ngazija alipotengenezewa sarafu zake kule Paris mwaka 1308 Hijria, yaani 1890, kubwa kuliko zote ilikuwa faranga 5 ya fedha, kwa maandishi ya Kiarabu. Miaka minane kabla yake Sayyid Barghash wa Unguja alikuwa ametoa zake, ile pesa ya shaba ya 1299 yenye picha ya mizani, ambayo bado hufukuliwa mashambani Unguja na Pemba. Ya Barghash ni rahisi kuipata. Ya Said Ali ni adimu kweli, kwa hiyo mtu akikuletea gatini Tanga kwa bei ya huruma, ipime uzito kwanza, na usilipe kabla hajaiona mtu anayezijua.

Kwa noti zako ushauri wangu ni huu. Kumi na tatu zipande jahazi zirudi Moroni. Moja mpe mama mkwe wako akae nayo. Itakugharimu yuro 20 na senti 33.